Rudi Nyuma Hatua Tano

Kambi ya Mafunzo ya Misitu
4 Machi

Mpwa wangu Chiriku,

Marahaba, kabla hujaniamkia. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto ambalo siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Hapa kambini tupo. Upepo uling'oa bati la bweni la pili wiki iliyopita, wanafunzi wanalala wamebanana bwaloni. Mpishi ametoroka kazi, kwa hiyo tunakula maharage ya mtu ambaye hajui kuwa maharage huchambuliwa kwanza. Jana nimetema jiwe la pili mwezi huu. Mama yako hajambo? Mwambie nimeuliza. Natafuta nafasi ya kuja kuwaona, kazi ndizo zinazonibana, si unajua.

Filamu zenu tatu zimefika na lori la magogo. Nikawakusanya wanafunzi thelathini na wawili, tukawasha jenereta, tukatundika shuka ukutani. Nitakwambia ukweli kwa sababu wewe ni damu yangu: nimeona kinyaa.

Ile ya kwanza, ya wanyama wa msituni. Yule kobe mmempaka nini? Anang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Na kinyonga kafungwa uzi mguuni, uzi mweupe unaonekana waziwazi, mpaka mwanafunzi wa benchi la mwisho akaniuliza, "Mkufunzi, huyu kakamatwa kwa kosa gani?" Bwalo zima likacheka. Mimi sikucheka.

Ya pili, kupanda miti. Bwana mmoja mwenye suruali iliyopigwa pasi anachimba shimo, anachukua mche, anautumbukiza pamoja na mfuko wake wa plastiki! Hakuuvua mfuko! Mizizi itajizungusha humo mpaka ijinyonge, mti utakufa ukiwa na miaka mitatu, na watu watawasingizia mchwa. Halafu anafuta mikono ambayo haina hata chembe ya udongo, anatabasamu. Miaka thelathini nafanya kazi hii, sijawahi kuona mtu anazika mche huku anacheka.

Na yule mwanamke anayesoma maelezo ni nani? Anaongea kama anatangaza sabuni. "Msiiitu ni uhai." Neno msitu lina i moja tu. Mwambieni.

Ya tatu, ya usalama wa kukata miti, sijaiona. Jenereta lilizima na nikashukuru.

Nisalimie mama.

Mjomba wako

*

Mjini
29 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Pole kwa bati, goti na mawe. Mama ameanza kuvaa miwani, anaivaa hata akila, anasema sasa anaona kumbe miaka yote alikuwa anakula wali wenye chuya. Nilimsomea barua yako. Ulipofika pale pa kazi kukubana aliniambia nikuulize: kazi inayombana mtu miaka kumi na tisa ni kazi au ni kabali? Hayo ni yake, mimi karani tu.

Kuhusu kobe, ni vanishi ya seremala. Mwongozaji wetu ndiye aliyeagiza. Hapa tunamwita Bwana Kata, kwa kuwa kutwa neno lake ni hilo. Msomaji akikosea, kata. Mwanga ukiwa mdogo, kata. Juzi nilimsikia kwenye simu na mkewe, mara "kata", sijui alikuwa anamwambia akate simu au akate kitunguu. Nilimwomba asimpake yule kobe, akasema kobe mkavu haonekani kwenye kamera. Nilikaa jioni nzima namsugua kwa kitambaa, na mpaka leo gamba lina mabaka. Nimemchukua, yuko uani kwetu. Mama anampa majani ya kabichi na kumwambia pole.

Ule mfuko wa mche pia nilimwambia. Akajibu kuwa mfuko unazuia udongo usichafue suruali ya mwigizaji.

Unasema umeona kinyaa. Ungekiona chumba cha kurekodia! Kilikuwa stoo ya viti. Ukutani wamebandika magodoro makuukuu ili sauti isirudi, na moja lina ramani ya mtoto wa mtu. Joto likipanda, ramani inanuka. Humo ndimo tunamosifia hewa safi ya msituni. Yule msomaji ni mtu wa humu humu ofisini, nitamfikishia salamu zako na ile i moja.

Ila naomba uitazame ya tatu. Hiyo nimeihangaikia mwenyewe, neno kwa neno. Ina kitu chako ndani yake. Sisemi zaidi, nisije nikakuharibia.

Wako,
Chiriku

*

Kambini
17 Aprili

Chiriku,

Marahaba. Goti lile lile. Mpishi mpya amefika, huyu anayachambua maharage mpaka yanaisha. Bati limerudishwa.

Nimeitazama ya tatu. Niliizima katikati na kuwaambia wanafunzi wakapumzike. Ilikuwa saa tisa mchana, wakashangaa.

Yule bwana wa suruali ya pasi anakata mti. Haya. Mti unaanza kulia, ule mlio wa nyuzi zinazokatika ndani ambao ukishausikia mara moja hutausahau. Ndipo yule mwanamke wa sabuni anasema, na ninaandika kama alivyosema: "Mti ukianza kulia, rudi nyuma hatua tano." Na bwana anarudi nyuma, moja kwa moja, nyuma ya kisiki, anahesabu kwa vidole!

Sijui kama huko mjini kuna mtu anayejua mti ukianguka unafanya nini. Kichwa cha mti kinagonga ardhi au mti mwenzake, shina linanyanyuka, linateleza juu ya kisiki na kurudi nyuma kwa nguvu zote. Sisi tunasema mti umepiga teke. Aliyesimama nyuma moja kwa moja ndiye anayelipokea. Mtu anatoka mshazari: nyuma na pembeni kwa pamoja, kwa njia aliyoisafisha kabla hajagusa msumeno. Mshazari, Chiriku. Neno moja.

Nyinyi mnakata na sisi tunakata. Tofauti ni kwamba nyinyi mkikata vibaya mnarudia, sisi tukikata vibaya tunazika.

Nataka kujua ni mjinga gani aliyeandika sentensi ile. Mtu wa namna hiyo asimamishwe yeye mwenyewe nyuma ya kisiki, tumhesabie hizo hatua tano. Anakaa kwenye kiti chake, anafundisha watu kufa, halafu analala usingizi. Nyani haoni kundule! Filamu hiyo iondolewe, isionyeshwe popote tena, hata ukutani kwa Bwana Kata.

Umesema ina kitu changu. Kipi? Sikukiona.

Mjomba wako

*

Mjini
30 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa, barua yako nimetembea nayo mkobani wiki nne. Mama alipata mafua, yamepona. Kobe amejifunza kupanda ngazi ya kwanza ya mlango wa uani, ya pili bado inamshinda, anakaa hapo anatafakari. Mama anauliza kama miwani yake inapendeza, nami nimemwambia huwezi kujua mpaka umwone.

Nilikwenda kwa Bwana Kata kumwambia filamu ya tatu ina kosa la kuua. Alinisikiliza huku anachokonoa meno kwa kifuniko cha kalamu, kisha akakiangalia alichokitoa, akakirudisha mdomoni. Akasema "mshazari" ni neno la hesabu, watazamaji watasinzia, na kwamba nakala zimekwisha kwenda kambi nyingine kumi na moja, wakubwa wameisifia na cheti kimetoka. Kweli cheti kipo, amekitundika juu ya lile godoro lenye ramani. Nilipoanza kupandisha sauti akanipa soda.

Aliyeandika sentensi ile ana uzoefu wa kazi hiyo, tena ni mtu mzima. Naomba usimwite mjinga.

Mjomba, kuna jambo nataka kukuuliza, na naomba usikasirike. Baba aliuawa na tawi. Ndivyo ulivyotuambia ulipoleta mfuko wa vitu vyake: tawi kavu limemwangukia kutoka juu, hakuna ambaye angelizuia. Nilikuwa na miaka tisa, nakumbuka ulivyoinua mkono kuonyesha juu. Sasa, filamu nzima haisemi lolote kuhusu matawi makavu. Mtu aliyempoteza shemeji yake kwa tawi nilidhani angelalamikia hilo. Wewe hukulitaja hata mara moja. Umeshikilia "nyuma" tu, kurasa mbili. Kwa nini?

Wako,
Chiriku

*

Kambini
12 Juni

Chiriku,

Marahaba. Sote wazima, na safari hii hiyo ni bahati.

Juzi tulikuwa kwenye mazoezi. Kuna mwanafunzi mmoja, zamani alikuwa mwashi, ana mke na watoto wawili, mtu mwenye akili zake. Mshazari nimemfundisha kwa mdomo, nimemchorea chini kwa kijiti, nimemtembeza kwa miguu. Zamu yake ikafika. Mti ulipolia, akarudi nyuma moja kwa moja huku anahesabu kwa sauti. Moja, mbili, tatu! Shina likapiga teke. Mguu wake wa kulia uliteleza kwenye maganda, akapinda kidogo, ndicho kilichomwokoa. Shina lilipita kifuani kwake likaondoka na kifungo cha shati. Kifungo tu. Tumekitafuta, hatujakiona.

Nilimkamata shingoni nikamuuliza nani kamfundisha vile. Akanijibu, "Lakini Mkufunzi, kwenye filamu si walisema?"

Mimi nimemwambia mara kumi, shuka lililotundikwa ukutani limemwambia mara moja, na aliloshika ni la shuka. Nilikwenda nyuma ya trekta nikatapika.

Sitaki kusikia habari za uzoefu wa mwandishi wenu. Nataka jina lake, nimwandikie mwenyewe.

Kuhusu swali lako, dereva wa lori anapiga honi, siwezi kuandika marefu.

Mjomba

*

Mjini
8 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo, kobe hajambo.

Umetaka jina. Jina ni lako.

Kwenye ule mfuko wa vitu vya baba kulikuwa na daftari la gamba la kijani. Uliliandika kwa ajili ya wanafunzi wako wa kwanza, ukampa baba nakala alipokuja kuanza kazi kwako. Mama alilifungia kabatini, mimi nikalitoa nilipopewa kuandika filamu ya tatu. Ukurasa wa saba, mwandiko wako unaolalia kushoto: "Mti ukianza kulia, rudi nyuma hatua tano." Sikuongeza wala kupunguza. Hicho ndicho kitu chako nilichokuambia. Nilitaka ukisikie bwaloni mbele ya wanafunzi wako, ujivunie. Nilikuwa nangoja barua ya kunishukuru, nikaletewa ile ya kusimamisha mtu nyuma ya kisiki.

Ule msemo wako wa nyani sitaurudia, maana wewe ni mkubwa wangu.

Na sauti ya sabuni ni yangu. Bwana Kata alinikalisha mbele ya godoro akanirudisha mara kumi na moja, mpaka sentensi ile ikatoka na tabasamu alilolitaka. Wewe ndiye uliyenipa jina la Chiriku kwa sababu nilikuwa siishi kuongea, na hukunitambua. Sikulaumu. Mtu hawezi kuitambua sauti aliyoisikia mara ya mwisho ikiwa ya mtoto wa miaka tisa. Kambini kwako hakuna mtandao wa simu, hilo najua, lakini barabara ipo. Lori linakuja huku kila baada ya wiki mbili, likiwa na nafasi mbili mbele.

Tangu nisome habari ya kifungo siwezi kuivumilia sauti yangu mwenyewe, hata kwenye simu. Naosha vyombo nasikia mtu anahesabu.

Nilimsomea Bwana Kata barua yako. Aliacha kuchokonoa meno, nikadhani imemwingia. Kisha akasema, "Kisa kizuri hiki. Huyo mzee ana sura nzuri?" Nilitamani kumtapikia viatu. Amekubali kuirudia sehemu hiyo kwa sharti moja: mtu wa kambini, mzoefu, asimame mbele ya kisiki aseme kwa mdomo wake kosa ni lipi. Bila hivyo filamu inaendelea kama ilivyo, kambi zote kumi na moja. Nimemjibu kwamba mtu huyo yupo.

Nisamehe kwa haya, lakini nimeanza na nitamaliza. Baba ameupigia mstari ule ukurasa wa saba, kwa penseli, mara mbili. Mwanafunzi wako alishika maneno ya shuka. Baba alishika maneno ya nani? Swali langu la Mei bado linangoja.

Chiriku

*

Mjini
19 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Lori limekuja mara tatu bila barua. Nimemuuliza dereva kama unaumwa, akasema unakula, unatembea na unatukana wapishi.

Tutakuja tarehe nane Septemba, watu wanne na mitambo. Ukitaka tusije, mpe dereva neno.

Chiriku

*

Kambini
27 Agosti

Chiriku,

Marahaba. Njooni. Mvae buti, si viatu vya ngozi. Hakuna kupaka kitu chochote vanishi. Kisiki nitakichagua mimi.

Swali lako silijibu kwa barua.

Mjomba

*

Mjini
2 Oktoba

Mjomba,

Shikamoo. Nakuandikia baada ya wiki tatu kwa sababu kabla ya hapo ningeandika matusi.

Sote tulifika salama siku ile. Mama hajambo. Mengine nitayafikia, lakini kwanza nakuandikia ulivyofanya, kwa kuwa nadhani wewe mwenyewe hukujiona.

Ulitupitisha kitaluni, ukatupeleka mlimani kwenye kisiki kikuukuu kilichoota kuvu. Bwana Kata akamtuma mtu akisugue kipendeze. Ukamwambia, "Ukikigusa nitakukata wewe." Akarudi mbio na viatu vyake vya ngozi, maana hakuwa amevaa buti. Kamera ikawashwa. Ulikizunguka kisiki mara moja, nikadhani utaondoka. Kisha ukasema, na hapa ninanakili kutoka kwenye mkanda:

"Hapa alisimama shemeji yangu. Mimi nilikuwa pale, hatua ishirini. Mti ulipolia alianza kutoka pembeni. Hakuna aliyemfundisha, miguu yake tu ilijua. Mimi ndiye niliyepiga kelele: Nyuma! Rudi nyuma! Ndivyo nilivyokuwa nafundisha wakati ule. Akanitazama, akageuza, akarudi nyuma anautazama mti kama nilivyomwagiza. Alifika hatua ya nne. Mti ukapiga teke."

Halafu, kwa goti lile bovu, ukaonyesha mshazari. Mara moja kulia, mara moja kushoto. Ukasema, "Hivi. Si kama nilivyosema mimi." Ukaanza kuteremka. Bwana Kata alisahau neno lake, Mjomba. Hakusema kata. Kamera iliendelea kukupiga mgongo mpaka ukapotea kwenye miche.

Ulijifungia chumbani. Niligonga mlango, nikakaa kwenye ngazi, nikagonga tena. Nilisikia unakohoa ndani. Lori likaondoka nami sijapata hata neno moja lako, mimi mtoto wa mtu uliyekuwa unamsema.

Filamu ya zamani imefutwa. Nilipiga simu kambi moja moja, zote kumi na moja, nikasubiri waifute nikiwa kwenye simu. Mpya imekwenda, ina maneno yako na ina neno mshazari, na hakuna sauti yangu kabisa. Bwana Kata anazunguka anasema wazo lilikuwa lake. Ameanza kuulizia cheti kingine. Yeye atabaki kuwa yeye.

Sasa ya mama.

Nilirudi na mkanda nyumbani. Niliogopa kumwonyesha, nikaogopa zaidi asije akauona kwingine. Nikauweka kwenye kompyuta mezani, asubuhi, kabla hajaondoa vikombe. Alivaa miwani. Alitazama mara moja, hakulia. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga, akasema, "Nilijua."

Nikamuuliza alijuaje. Akasema, "Hospitali nilimfungua shati kwa mikono yangu. Kichwani hakuwa na hata mkwaruzo. Kifua ndicho kilichokuwa kimeingia ndani. Tawi gani hilo, linatoka juu, linakiruka kichwa cha mtu aliyesimama na kumpiga kifuani?"

Nikamwambia, mama, mbona hukusema? Akasema, "Si aliyeleta habari alikuwa yeye? Nilikuwa nangoja airekebishe."

Haya yanayofuata ameniamuru niandike kama alivyosema. Nimemsomea mara mbili, amekubali.

"Mwambie mdogo wangu hivi. Gogo nimelisamehe wiki ile ile, gogo halina akili. Kelele zake nimezisamehe leo mezani, kwa sababu mtu anafundisha anachokijua, na yeye alichojua siku ile ndicho hicho. Kinachonitia kinyaa ni lile tawi. Miaka kumi na tisa watu wananipa pole ya tawi, nami naitikia. Mwanangu amekua akiogopa kupita chini ya miti yenye matawi, na mimi namwangalia, nanyamaza, ili mdogo wangu asiumbuke. Yeye akajificha huko porini na maharage yake yenye mawe. Na leo kampa ukweli mtu wa viatu vya ngozi kabla ya kunipa mimi. Filamu yake sitaki, waonyeshwe wanaokata miti. Mimi nataka aniandikie. Mimi, si Chiriku."

Alipomaliza akatoka uani. Kobe amemudu ile ngazi ya pili, mama alimkuta juu, akamwambia hongera kwa sauti ambayo hajaitumia kwangu siku nyingi.

Mimi bado nimekasirika. Lakini kila nikipita chini ya mti siku hizi siangalii juu.

Chiriku

*

Kambini
11 Oktoba

Dada,

Salamu nitakuja nazo mwenyewe Ijumaa, kwa lori, kama utanifungulia mlango. Barua hii inatangulia kwa sababu umetaka niandike, na kwa sababu nikikuona usoni naweza kudanganya tena. Najijua.

Lile tawi nililipata njiani, siku ile ninakuja kwenu, nimepakata mfuko wa vitu vyake. Nilitafuta kitu cha kulaumu ambacho hakina mdomo wa kunikana. Nilipofika mlangoni nilikuwa nimekwisha kulizoea. Mtoto aliponiuliza limetoka wapi, nikainua mkono nikamwonyesha.

Dada, hakukuwa na tawi.

Mdogo wako